Ni kitu cha kwetu au ni jina la kwetu tu? Jibu kwa dada wa Arua

Dada mmoja wa Arua ameniandikia hivi: "Habari mtaalamu. Nina watoto watatu na duka dogo la vyakula. Nimeamua nyumbani na dukani nipunguze vitu vya nje ninunue vya Uganda, lakini nachanganyikiwa. Kila pakiti inasema imetengenezwa hapa, alafu mtu ananiambia hiyo kampuni ni ya Wahindi, ile ya Wakenya, ile nyingine ya Wachina. Nitajuaje ya kwetu kweli? Nianzie wapi? Na binti yangu yuko sekondari, hataki kabisa jeli wala losheni ya hapa, anasema ni za watu wa kijijini."

Dada yangu, asante kwa swali, na pole na huyo binti, tutamfikia huko chini.

Mkanganyiko wako unatokana na jambo moja: unauliza maswali matatu kwa mpigo ukidhani ni moja. Kitu kimetengenezwa wapi, hilo ni swali. Mwenye kampuni ni nani, hilo ni jingine. Na la tatu, ambalo watu wengi hawalifikirii kabisa, ni malighafi imetoka wapi, yaani mbegu, maziwa, pamba, mafuta, kile kitu chenyewe kabla hakijaingia kiwandani. Bidhaa inaweza kufaulu swali moja ikaanguka mawili, na ndo maana kila mtu anayekusemesha dukani anaonekana ana haki.

Angalia maji na soda. Maji ya Rwenzori yana jina la mlima wetu na yanajazwa hapa hapa, lakini kampuni iko chini ya Coca-Cola Beverages Africa. Pepsi kwa upande wake jina ni la Marekani, kila mtu anajua, ila anayeitengeneza na kuijaza pale Nakawa ni Crown Beverages, kampuni ambayo wenye hisa ni wananchi wa hapa, mzee Amos Nzeyi akiwa mmoja wao. Kwa hiyo mtu aliyeacha Pepsi akashika chupa ya Rwenzori kwa sababu ya uzalendo, kwa upande wa umiliki amegeuza gari akarudi alikotoka. Kwa upande wa sukari ya mwili wake amefanya vizuri lakini hilo si swali lako.

Bia ndo usiseme. Nile Special inatoka Njeru, karibu na mto wenyewe, lakini Nile Breweries ni ya AB InBev ambao makao yao makuu yako Ubelgiji. Bell na Uganda Waragi zinatoka Luzira kwa Uganda Breweries, ambayo iko chini ya EABL ya Nairobi. Nimezitaja kwa sababu wanaume wetu wakianza kubishana habari ya uzalendo huwa wanabishana wakiwa na chupa mkononi. Lakini ngoja kidogo kabla hujacheka, Eagle ya hao hao Nile Breweries inapikwa kwa mtama, na mtama huo unalimwa na wakulima wa hapa, wengi wao wa mashariki na kaskazini. Sasa je, hiyo ni bia ya kigeni au ya kwetu? Mwenyewe wa nje, shamba la kwetu.

Hapo ndo nakuambia ninavyofanya mimi, na wengine katika kazi hii hawakubaliani nami. Mimi nafuata shilingi. Ukitoa shilingi elfu tano kwenye duka, ngapi inamfikia mkulima, ngapi inabaki kwa wafanyakazi wa kiwanda na wenye malori, ngapi inaenda kwa mwenye kampuni? Kwa bidhaa nyingi za jikoni faida ya mwenye kampuni ni kipande kidogo, kipande kikubwa kinaenda kwenye malighafi. Kwa hiyo mimi swali la kwanza kwangu ni malighafi, la pili kazi, la tatu ndo mwenyewe. Wenzangu wengi wanaanza na mwenyewe, wanasema faida ndo inayojenga kiwanda cha pili, na wana hoja. Lakini mama wa Lango, kule kaskazini, anayeuza alizeti hajali sana hisa ziko kwa nani, anajali kama kuna mtu wa kununua msimu huu.

Na hiyo ya Wahindi nakujibu hapa hapa maana najua inauma watu pande zote. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianzishwa na Mehta mwaka 1924, Kakira ya akina Madhvani ni ya 1930. Hizi ni familia zilizofukuzwa na Idi Amin 1972 pamoja na Wahindi wengine, zikarudi baadaye zikaanza kufufua mashamba yaliyokuwa yamegeuka pori. Mtu ambaye babu yake alikuwa na kiwanda hapa kabla ya uhuru, mimi simwiti mgeni. Mukwano vilevile, kampuni imekulia Kampala, haina makao makuu kwingine inakopeleka hesabu. Unaweza kuwa na malalamiko juu ya mishahara, juu ya bei ya miwa, juu ya mashamba ya wakulima wadogo kule Busoga, hayo ni malalamiko halali na uyaseme, ila yaseme kama malalamiko juu ya kampuni ya Uganda. Tofauti kabisa na kiwanda ambacho uamuzi wa kukifunga unaweza kufanywa na watu waliokaa kwenye meza nje ya Afrika.

Sasa utajuaje. Geuza pakiti, soma nyuma, usisome mbele. Mbele kuna bendera, korongo, mlima, ngoma, hayo ni ya kuuzia. Nyuma kuna maandishi madogo, na hapo tafuta neno moja tu: imeandikwa "manufactured by", au "packed by", au "distributed by"? Ya kwanza maana yake wameitengeneza. Ya pili mara nyingi ni gunia au pipa limekuja kutoka nje likagawanywa kwenye vipakiti vidogo Kampala. Ya tatu ni mchuuzi tu amebandika jina lake. Kama hakuna anwani ya kiwanda, iko tu namba ya sanduku la posta, mimi huwa narudisha kwenye rafu.

Alafu tafuta alama ya Q ya UNBS, wale wa viwango wenye ofisi kuu Bweyogerere. Hiyo alama haisemi mwenyewe ni nani, inasema kitu kimepimwa kikafikia kiwango, na kwa wewe mwenye duka hiyo ni kinga maana wakija kukagua hawatakubebea mali. Kwa maji, soda, juisi, bia, sukari na mafuta ya kupikia kuna pia ile stempu ya kodi ya URA. Kuna programu ya simu inaitwa Kakasa, unaskani stempu unaona kama ni halali na ni ya bidhaa gani, bora uizoee kwa sababu ya feki tu, achana na mambo ya uzalendo.

Ukitaka kujua mwenyewe hasa, nenda URSB, wale wa kusajili makampuni, wana ofisi hapo hapo Arua, unaomba kupekua kampuni kwa jina lake unalipa ada wanakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Najua hutafanya hivyo kwa pakiti ya biskuti. Lakini kama unataka kuwa wakala wa bidhaa fulani, uweke pesa yako ya duka humo, fanya.

Kitu ambacho usikitumie ni ile meseji inayozunguka WhatsApp kwamba angalia namba za mwanzo za bakodi utajua nchi. Ukiona 616 ni Kenya, 620 Tanzania, ni kweli, lakini namba inasema kampuni ilisajili bakodi wapi, haisemi kitu kimetengenezwa wapi. Mtu wa Uganda anaweza kuwa na namba aliyoichukua Kenya, na kitu kilichotengenezwa China kinaweza kuwa na namba ya Afrika Mashariki. Hiyo meseji ikikujia tena ifute.

Haya, jikoni, na hapa nitakaa sana maana ndo pesa yako nyingi inapoishia na ndo mahali rahisi kuanza.

Mafuta ya kupikia. Watu wanadhani mafuta yoyote ya kiwanda cha Kampala au Jinja ni ya hapa. Kiwanda ni cha hapa, ndio, lakini mafuta ghafi ya mawese sehemu kubwa yanakuja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia mpaka Mombasa, yanasafishwa hapa tu. Kuna mawese yanayolimwa Kalangala, kwenye kisiwa cha Bugala, na hiyo imesaidia, lakini hayatoshi nchi nzima. Ukitaka mafuta ambayo mbegu yenyewe ni ya hapa, chukua alizeti. Lira ndo kitovu, Mukwano wana kiwanda huko na wananunua kwa wakulima wa Lango, na kuna wakamuaji wadogo wengi. Ni bei juu kidogo kuliko mawese, sikudanganyi. Kwa hiyo dukani weka yote mawili, nyumbani tumia alizeti, usiwalazimishe wateja wako siasa ya mafuta wakati mtu anataka ya kujaza kikombe kimoja tu. Na kwako Arua una simsim na karanga kila soko, odi, yaani simsim na karanga zilizosagwa, ya mkono ya mama wa sokoni inashinda siagi ya karanga ya kopo kwa ladha na kwa bei, mtoto akipakwa kwenye mkate hatauliza tena lile kopo.

Mkate wenyewe, kwa kuwa nimeutaja, umeokwa hapa lakini ngano karibu yote inatoka nje, Kapchorwa wanalima kidogo tu. Sisemi uache mkate. Nasema ukihesabu, muhogo na viazi vitamu asubuhi ni vya Uganda asilimia mia na hakuna kampuni yoyote ya kupekua. Enya yenu, ule ugali wa muhogo, haina mpinzani. Unga wa posho vilevile, nunua kwa msagishaji wa hapo mjini au wa pakiti kama Maganjo kama unataka wenye alama, mahindi ni ya hapa. Uji wa watoto, kuna Sesaco wa soya, kampuni iliyoanzishwa na Mganda, na wako wengi wanaochanganya mtama, soya na mukene (dagaa), ila hao wa mitaani angalia tarehe na unuse kwanza maana unga wenye samaki ukikaa unaharibika haraka.

Maziwa. Hapa nchi yetu imejitosheleza, tunauza mpaka nje, kwa hiyo kununua maziwa ya unga ya kopo kutoka Ulaya kwa ajili ya chai ni kupoteza pesa tu. Fresh Dairy tangu 2015 ni ya Brookside ya Kenya. Lato ni ya Pearl Dairy, kiwanda kiko Mbarara. Jesa ilianzishwa na marehemu James Mulwana. Zote tatu maziwa yanatoka kwa ng'ombe wa hapa, kwa hiyo kwa ile kanuni yangu ya shilingi hata Fresh Dairy ninainywa bila kinyongo. Maziwa ya mtoto mchanga ya kopo ni habari nyingine, hayo usifanye majaribio, msikilize daktari.

Kahawa inaniudhi. Uganda ni kati ya wakubwa kabisa wa kahawa Afrika, tunasafirisha mbegu mbichi magunia kwa magunia, alafu kwenye rafu zetu kinachokaa mbele ni kikopo cha kahawa ya kuyeyuka kutoka nje. Na wewe uko West Nile, Zombo pale jirani wanalima arabika nzuri sana, watu wa Paidha wanaijua. Tafuta mtu anayekaanga. Kama unataka pakiti iliyokamilika kuna za mlima Elgon, kuna Gorilla Conservation Coffee ambayo ilianzishwa na shirika la Dokta Gladys Kalema-Zikusoka na inanunua kwa wakulima wa kando ya Bwindi, ingawa hiyo bei yake imelenga watalii kidogo. Majani ya chai hayana shida, yako, chagua tu unayopenda. Sukari hata usihangaike, Kakira, Lugazi, Kinyara, zote za hapa.

Juisi soma kwa makini. Iliyoandikwa juisi na iliyoandikwa kinywaji chenye ladha ya matunda ni vitu viwili tofauti, ya pili ni maji, sukari na unga wa ladha kutoka nje hata kama kiwanda kiko Kawempe. Kuna Teju ya kiwanda cha Soroti ambacho serikali kupitia shirika lake la maendeleo, UDC, inamiliki pamoja na chama cha wakulima wa matunda wa Teso, machungwa na maembe ni ya huko. Haipatikani kila mahali. Kuna Cheers ya Delight, kampuni ya mama Julian Omalla, aliyeanza kidogo kidogo mpaka ameingia kwenye kilimo cha matunda Nwoya. Biskuti na soda za Riham, juisi ya Splash ya Britania pale Ntinda, zote zinatengenezwa hapa na watoto wanazijua.

Asali sihitaji kumwambia mtu wa Arua. Chumvi nayo ndo mahali tunapokwama, ziwa Katwe lina chumvi tangu enzi za mababu lakini ile ghafi haina madini joto, na chumvi ya pakiti tunayotumia nyingi inatoka Kenya pwani. Nunua ya Kenya yenye madini joto. Goita haijui uzalendo.

Sabuni ni rahisi. Vipande vya kufulia, vya Mukwano na vya wengine, vinatengenezwa hapa kwa wingi kiasi kwamba za nje zimekosa nafasi. Sabuni ya maji, kuna akina mama wengi wanatengeneza kwenye madumu, naunga mkono, ila kemikali zenyewe zinatoka nje, wanachoongeza ni kazi na maji, na kazi ni kitu. Jaribu dumu moja kwanza, kama inatengana maji juu na uzito chini baada ya wiki, mwambie mwenyewe kwa upole arekebishe, usimharibie jina.

Sasa binti. Mwambie kwamba Movit, ambayo anaiita ya kijijini, ni kampuni ya Mganda, Simpson Birungi, aliianza mwaka 1997, na leo saluni za Kenya, Rwanda na Congo wanaitumia, sasa sijui hicho kijiji kina ukubwa gani. Kuna Samona pia. Lakini kwa ile kanuni yangu lazima nikuambie ukweli wote: jeli ni zao la mafuta ya petroli, na sisi bado hatusafishi mafuta, kwa hiyo malighafi inatoka nje hata kama mwenyewe ni wa hapa na wafanyakazi ni wa hapa. Kinyume chake ni mafuta ya shea. Mti wenyewe unaota huko kwenu kaskazini, wanawake wanaokota, wanakamua, na shea ya upande wetu huu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi ambayo makampuni ya Ulaya yanaweka kwenye vikopo vya bei ya juu. Binti akisema anataka ile losheni ya nje yenye picha ya shea, mwonyeshe gudulia la sokoni. Harufu yake ni kali kidogo, hilo ndo tatizo la kweli, siyo ukijijini. Wanaosafisha vizuri harufu inapungua, na ukichanganya kidogo na mafuta mengine yenye manukato inakwisha kabisa. Usibishane naye habari ya taifa, wasichana wa umri huo hawashawishiki kwa hotuba. Mwache amalize kopo lake alafu mpe hii wakati wa kiangazi ngozi ikianza kupauka.

Na kwa kuwa una binti, pedi. Dokta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni MakaPads kwa kutumia mafunjo na karatasi taka, malighafi ya hapa, akili ya hapa. AFRIpads, zile za kufua na kutumia tena, zinashonwa Masaka, kampuni ilianzishwa 2010 na wageni wawili, ila waliokaa kwenye cherehani ni wanawake wa huko. Hapo tena unaona maswali matatu yanatoa majibu matatu. Kwa duka la Arua zile za kufua zinauzika kwa shule, mwalimu mmoja akizikubali umepata oda ya muhula mzima.

Dawa ya meno sina jibu zuri. Mswaki lakini upo, Nice House of Plastics, kampuni aliyoianzisha Mulwana yule yule wa Jesa, wanatengeneza miswaki na kalamu tangu zamani. Madaftari chukua Picfare. Shule zikifungua hapo ndo unaweza kubadilisha duka lako kwa wiki moja bila mteja hata mmoja kulalamika, maana hakuna anayenunua daftari kwa sababu ya nchi.

Nguo nitapita haraka kwa sababu hali ni mbaya na siwezi kukupamba. Pamba yetu nyingi inauzwa nje ikiwa haijasokotwa. Nytil ya Jinja bado inasuka, sare za shule na shuka unaweza kupata, lakini mivumba, yaani mitumba, imejaa kila mahali, rais alitangaza mwaka 2023 kwamba inakatazwa na bado soko la Owino kule Kampala linauza. Kitenge unachokiona hapo Arua kikipitia Ariwara, upande wa Congo, kinatoka China au kwingine, ushonaji ndo wa hapa. Kwa hiyo kwa nguo, hesabu fundi. Mlipe fundi vizuri, hiyo ndo sehemu ya Uganda katika gauni. Samani vilevile, kitanda cha seremala wa Arua kinakizidi cha pakiti cha Kichina kwa miaka mingi, ila ujue mbao nyingi hapo zinavuka kutoka Congo. Magodoro ya Crestfoam, Euroflex na Rosefoam ni ya viwanda vya hapa.

Umeniuliza uanzie wapi, na kama mwenye duka kuna jambo la ziada lazima ulielewe: kwa nini vitu vizuri vya wadogo havifiki kwako. Siyo kwamba havipo. Mzalishaji mdogo akipeleka mali kwenye duka kubwa anaambiwa subiri miezi miwili mitatu kulipwa, wakati yeye anahitaji pesa kesho anunue chupa na lebo. Uchumi walipofunga hapa mwaka 2015, na Nakumatt wakafuata miaka michache baadaye, wapo wasambazaji walioachwa na madeni hawakuinuka tena. Shoprite nao wameondoka 2021. Kwa hiyo wadogo wengi sasa wanaogopa kukopesha, wanataka pesa mkononi, na wewe mwenye duka dogo unayelipa taslimu ni mteja bora kwao kuliko supamaketi, hata kama hujui hilo. Tumia hiyo nguvu. Mpigie mwenye kiwanda moja kwa moja, namba iko nyuma ya pakiti, mwambie nalipa ukipakia kwenye basi, uombe bei ya kiwandani. Ukiungana na wenye maduka wengine watatu wanne mkachukua boksi kumi badala ya mbili, gharama ya mzigo kutoka Kampala inapungua mno, na gharama hiyo ndo inayofanya vitu vya Uganda viwe ghali Arua kuliko vinavyovushwa mpakani.

Kama unaweza kufika Kampala mwezi wa kumi, nenda kwenye maonyesho ya UMA, chama cha wenye viwanda, pale Lugogo. Acha muziki na soda za bure, nenda kwenye mabanda ya nyuma ya wadogo wadogo, chukua sampuli na namba. Siku nyingine, Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, utapata bei lakini hutapata majibu, muuzaji wa pale hajui kitu kimetoka wapi na hana muda wa kujua.

Usibadilishe vyote kwa wakati mmoja. Kila kinapoisha kitu nyumbani, kabla hujanunua kingine kama hicho, tafuta cha hapa ulinganishe kwa uzito siyo kwa ukubwa wa kopo, maana kuna ujanja mwingi wa chupa kubwa yenye mililita chache. Kikishinda au kikikaribia, baki nacho. Kikishindwa, rudi kwenye cha zamani na umpigie mtengenezaji umwambie kwa nini, wengi wanapokea simu wenyewe. Sera ya BUBU ya 2014 inasema nunua Uganda ujenge Uganda, mimi nakubali, lakini kununua kitu kibaya kwa sababu ni cha ndugu kunamfundisha ndugu kutengeneza kibaya. Na bidhaa za Kenya na Tanzania amua mwenyewe utaziweka upande gani. Mimi naziweka katikati: za hapa kwanza, za jirani pili, za mbali mwisho, maana chumvi ya Kenya na maziwa yetu yanayokwenda Kenya vinapishana barabara ile ile ya Busia na Malaba.

Kwa duka, wiki hii anza na rafu moja, ya sabuni, daftari na kalamu. Mafuta ya alizeti weka chupa chache uone. Jeli ya hapa usiiagize kwa wingi mpaka wale wateja wako wa kudumu waizoee kwa vikopo vidogo, hapo faida ni ndogo lakini hasara pia ni ndogo. Na kahawa ya Zombo, kama ukimpata mtu anayeikaanga vizuri na kuipaki, niandikie jina lake na mimi ninunue.